Franz Stuhlmann (1863–1928): Bustani, Misitu na Uchumi wa Kikoloni

Maisha ya awali
Franz Stuhlmann alizaliwa mwaka 1863 mjini Hamburg, Ujerumani, akasomea elimu ya wanyama. Mwaka 1888 alifika Zanzibar kuchunguza viumbe wa baharini. Mwaka 1890 aliondoka Bagamoyo na msafara wa Emin Pasha kuelekea Maziwa Makuu, na mwaka uliofuata alipanda milima ya Ruwenzori hadi zaidi ya mita 4,000 huku akikusanya mimea. Ndui ilipoingia katika msafara, Emin alibaki na wagonjwa na kumrudisha Stuhlmann Bukoba pamoja na wenye afya. Emin aliuawa Kongo mwaka 1892.

Bustani ya Dar es Salaam
Mwaka 1893 Stuhlmann alianzisha bustani ya mimea Dar es Salaam, ambayo leo iko jirani na Makumbusho ya Taifa. Bustani hiyo haikuwa ya kupumzikia. Ilikuwa mahali pa majaribio: mbegu na miche kutoka nchi nyingine za joto ilipandwa humo ili ijulikane ni mimea ipi itastawi na kufaa kwa biashara.
Zingatia: mkonge uliletwa mwaka huohuo na Richard Hindorf. Usiwachanganye wawili hawa.

Kituo cha Amani
Walowezi wa Kijerumani walitumia fedha nyingi kulima kahawa Usambara Mashariki, lakini ikashindwa. Msitu mnene uliwadanganya, kwani udongo wake ulikuwa hafifu. Hasara hiyo ilionyesha umuhimu wa utafiti. Stuhlmann alizuru India na Java, ambako Waholanzi walikuwa na bustani maarufu ya Buitenzorg. Kwa mfano huo, kituo cha Amani kilianzishwa mwaka 1902 katika milima ya Usambara Mashariki, naye akawa mkurugenzi wake.

Amani ilikuwa na maabara, maktaba, vitalu na hazina ya mimea iliyokaushwa. Ilijaribu mpira, chai, viungo na mkwinini. Kuanzia mwaka 1905 ilitoa jarida la Der Pflanzer kwa ajili ya wenye mashamba. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipofunga njia ya bahari, Wajerumani walitengeneza dawa ya malaria kwa magome ya mkwinini wa Amani.

Udhibiti wa misitu
Utafiti wa mimea ulikwenda sambamba na udhibiti wa misitu. Mwaka 1898 serikali ilianza kusimamia mikoko ya delta ya Rufiji, iliyotoa boriti za kuuza. Sheria ya misitu ya mwaka 1904 iliiwezesha serikali kutenga misitu ya hifadhi. Mwananchi aliyezoea kufyeka shamba, kukata nguzo na kuwinda humo akageuka mkosaji katika ardhi ya mababu zake. Baadhi ya wanahistoria huhesabu jambo hili, pamoja na kilimo cha lazima cha pamba, kodi na kazi za kulazimishwa, miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji (1905–1907).

Miaka ya mwisho
Mwaka 1908 Stuhlmann alirudi Hamburg kufanya kazi katika Taasisi ya Kikoloni. Alifariki huko mwaka 1928.

Tathmini
Kazi ya Stuhlmann ilileta maarifa ya kweli kuhusu mimea, udongo na magonjwa ya mazao. Hata hivyo, maarifa hayo yalikusudiwa kwanza kumnufaisha mlowezi na viwanda vya Ujerumani. Mwafrika alikuwa kibarua wa kitalu, tena akazuiwa kutumia msitu wake. Jibu zuri la mtihani hueleza pande zote mbili.

Tumia pia mifano ya karibu. Mwanafunzi wa Nyololo, Mufindi, ana mashamba ya chai na msitu wa kupandwa wa Sao Hill. Hivi vilikuzwa enzi za Waingereza na baada ya uhuru, lakini vinaibua swali lilelile: ardhi inapotengwa kwa zao la biashara, nani ananufaika?

Maswali ya kujipima
1. Kwa nini Wajerumani walianzisha kituo cha Amani? Toa hoja tatu.
2. Fafanua jinsi sheria ya misitu ya 1904 ilivyoathiri maisha ya wananchi.
3. Utafiti wa kikoloni ulilenga kuinufaisha Ulaya. Jadili.