Pompey: Jemadari Aliyeingia Patakatifu pa Patakatifu

Wengi wetu tulimjua Julius Caesar kupitia tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili. Leo tumtazame mkwewe, ambaye watoto wetu hawamsikii sana darasani: Pompey, aliyeitwa Mkuu.

Alizaliwa mwaka 106 KK. Baba yake alikuwa jemadari aliyechukiwa, hata siku ya mazishi watu waliuburuta mwili wake njiani. Pompey hakungoja kupewa cheo. Akiwa na miaka 23 alikusanya jeshi lake mwenyewe kutoka mashamba ya ukoo, akajiunga na Sulla katika vita vya Warumi kwa Warumi. Aliua hata waliokwisha kujisalimisha, na wapo waliomwita kijana mchinjaji. Mwaka 70 KK, akiwa na miaka 35 tu, akawa konsuli bila kuwahi kuketi katika Seneti. Wenzake walipanda ngazi. Yeye aliruka dirishani.

Mwaka 67 KK maharamia walikuwa wamefunga njia za ngano, na Rumi ilikuwa na njaa. Alipewa mamlaka juu ya bahari yote, akaisafisha kwa miezi mitatu. Wengi wa wale maharamia hakuwaua, bali aliwapa ardhi walime. Mimi naona hilo ndilo tendo lake bora kuliko yote.

Kisha akaja Yerusalemu, mwaka 63 KK. Ndugu wawili wa tumbo moja, Hyrcanus na Aristobulus, waligombania kiti cha enzi, na kila mmoja akamwendea Pompey ili amsaidie. Watu wa Hyrcanus walimfungulia malango ya mji. Wale wa Aristobulus wakajifungia Hekaluni. Mzingiro ulidumu miezi mitatu. Warumi walijenga boma lao la udongo siku za Sabato, maana walijua Wayahudi hawangewazuia siku hiyo wasiposhambuliwa. Ukuta ulipobomoka, makuhani waliendelea na sadaka mpaka wakauawa palepale madhabahuni. Pompey akaingia Patakatifu pa Patakatifu, mahali ambapo kuhani mkuu peke yake aliingia, tena mara moja kwa mwaka. Hakukuta sanamu yoyote. Hazina hakuigusa, na kesho yake aliamuru Hekalu litakaswe na ibada iendelee. Hyrcanus akabaki kuhani mkuu bila taji, Aristobulus akapelekwa Rumi mateka, na Uyahudi ukaanza kulipa kodi kwa Rumi. Utawala ule tunaousoma katika Injili uliingia kwa mlango huo, na waliobisha hodi ni ndugu wawili wasiopatana.

Nyumbani Pompey alifanya mapatano na Crassus na Caesar, akamwoa Julia, binti wa Caesar. Walipendana kweli. Julia alifariki akijifungua mwaka 54 KK, Crassus akauawa vitani mwaka uliofuata, na hapakuwa tena na mtu wa kusimama kati ya mkwe na mkwe. Mwaka 49 KK Caesar alivuka mto Rubicon na jeshi lake. Pompey akaiacha Rumi, akavuka kwenda Ugiriki, na huko Pharsalus, Agosti 48 KK, akashindwa ingawa askari wake walikuwa wengi zaidi.

Alikimbilia Misri kwa mfalme mtoto, Ptolemy, ambaye baba yake aliwahi kusaidiwa na Pompey. Washauri wa mfalme waliona heri kumuua ili wampendeze Caesar. Wakamtumia mtumbwi mdogo umlete pwani. Ndani yake alikuwamo Septimius, askari aliyewahi kumtumikia, na huyo ndiye aliyemchoma upanga wa kwanza, kwa nyuma. Mkewe Cornelia alikuwa melini akitazama. Kichwa walikikata, kiwiliwili kilibaki mchangani, mpaka mtumwa wake wa zamani aliyeachwa huru alipookota mbao za mashua mbovu akakichoma.

Caesar alipoletewa kichwa alilia. Miaka minne baadaye naye aliuawa kwa majambia katika ukumbi uliojengwa na Pompey, akaanguka chini ya sanamu ya Pompey.