Sayyid Said na Farasi Wake

Sayyid Said alianza kutawala Oman mwaka 1806. Baadaye alihamia Unguja. Huko alistawisha karafuu kwa jasho la watumwa.

Mwaka 1840 merikebu yake ilikwenda New York. Ilichukua zawadi za Rais wa Marekani, wakiwamo farasi wawili. Safari ilikuwa karibu miezi mitatu.

Farasi huhitaji kutunzwa kila siku. Ngozi yake husuguliwa kwa brashi. Kwato zake husafishwa, maana uchafu ukikaa kwato huoza.

Farasi wale walifika wazima. Lakini sheria ilimkataza Rais kuwapokea. Waliuzwa, na fedha zikaingia hazina ya serikali.

Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856.

Ndugu msomaji, labda wewe unafuga ng'ombe au mbuzi. Mtunze kila siku, si siku ya mnada tu.