Liajjemy, karani wa Semboja aliyeandika habari za Wakilindi

MSAFIRI atokaye Same kwenda Tanga hupita Makanya, Hedaru, Mkomazi na Mazinde kabla ya kufika Mombo, milima ikiwa kushoto kwake karibu safari nzima. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Mazinde palikuwa makao ya Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, mtawala mkuu wa Usambara. Hapo ndipo alipofanya kazi ya ukarani Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, mtu wa pwani ambaye kalamu yake ndiyo iliyohifadhi habari za ukoo wa Wakilindi.

Liajjemy aliingia Usambara katika miaka ya 1860, wakati mbaya. Kimweri alikuwa amefariki, na wanawe na wajukuu wake waligombea urithi. Wabondei waliasi. Semboja hakuhamia Vuga, mji mkuu wa zamani ulioko juu milimani. Alibaki bondeni Mazinde, mahali palipopita misafara ya pembe za ndovu na watumwa, ambako bunduki na baruti vilipatikana kwa urahisi. Mkono wake ulifika hadi Gonja, upande wa mashariki wa milima ya Upare, na Wapare walionja uchungu wa biashara hiyo.

Karani huyo aliyaona mengi kwa macho yake, na mengine aliyapata kwa wazee. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kinaanza na Mbega, mwindaji aliyetoka Nguu na kupewa enzi na Washambaa, kisha kinafuata vizazi vyake mpaka vita ambavyo mwandishi mwenyewe aliviishi. Ni kazi ya mtu aliyekula chumvi ya wakubwa anaowaeleza. Kwa sababu hiyo Upare humo huonekana kutoka barazani Mazinde, kama nchi ya kutozwa na kuvamiwa. Upande wa pili wa habari ulisubiri mpaka mwaka 1969, Profesa Isaria Kimambo alipochapisha historia ya siasa ya Wapare aliyoikusanya kwa wazee wa milima hiyo.

Utawala wa Wajerumani ulipoingia, Liajjemy aliutumikia pia. Kitabu chake kilipigwa chapa na mtambo wa wamisionari wa Kiingereza huko Magila, karibu na Muheza, lakini hakikutoka kwa mkupuo mmoja: sehemu ya kwanza ni ya mwaka 1895, ya pili 1904, na ya tatu 1907. Miaka mitano baadaye, mwaka 1912, mwandishi alifariki dunia.

Nakala hizo zikawa adimu. Mchungaji Roland Allen, aliyejifunza Kiswahili uzeeni nchini Kenya, alikitafsiri kitabu hicho kwa Kiingereza, naye akafariki mwaka 1947 kabla tafsiri yake nzima haijatoka. Mwanawe, J. W. T. Allen, ndiye aliyeyahariri maandishi ya Kiswahili yakatolewa upya Nairobi mwaka 1962, miaka 50 baada ya kifo cha Liajjemy. Tafsiri ya baba yake ilifuata mwaka 1963.

Siku hizi vitabu vya aina hiyo hupigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na programu ya kompyuta huzigeuza picha kuwa maandishi. Kazi ngumu huanzia hapo, maana wino uliofifia huidanganya mashine. Herufi u huisoma kuwa n, na c huichukua badala ya e. Kwa Kiswahili kosa hilo si dogo: neno kuua huweza kutoka likiwa kuna, na katika tarikh iliyojaa vita msomaji akapoteza habari ya kifo bila kujua kuwa amepotezwa. Kosa la namna hiyo halikamatwi na kamusi, kwa kuwa kuna ni neno halali. Hukamatwa na mtu anayeweka ukurasa wa zamani kando ya maandishi mapya na kulinganisha mstari kwa mstari.

Majina ni magumu zaidi. Vuga ikigeuka Vnga, hata mgeni atashtuka. Lakini jina la kilima au la mzee wa ukoo likibadilika herufi moja, atakayeshtuka ni mwenyeji wa Gonja, Mbaga au Mazinde, aliyelisikia jina hilo nyumbani kwao.