Mohammed Rafi: Kaburi Halina Jengo, Sauti Ingalipo

Wazee wetu waliokwenda kufanya kazi Nairobi wakiingia sinema ya Shan, Ngara, wakatoka na sauti ya Mohammed Rafi vinywani. Alizaliwa Punjab mwaka 1924. Utotoni akimfuata fakiri mtaani na kuiga uimbaji wake. Mwaka 1956 aliimba katika C.I.D., filamu ya mauaji na mapenzi iliyotiwa muziki na O. P. Nayyar.

Alifariki Bombay kwa mshtuko wa moyo tarehe 31 Julai 1980, mwezi wa Ramadhani. Mwaka 2010 kaburi lake huko Juhu lilibomolewa kupisha maziko mapya. Wapenzi wake hulitambua kwa mnazi ulio karibu. Lakini kuanzia Parklands hadi Mji wa Kale, bado anasikizwa. Mola amrehemu.