Zino Davidoff: Muuza biri aliyepumzisha mzigo kabla ya kuuza

Mzigo ukishavuka mpaka na ushuru ukalipwa, wafanyabiashara wengi hutaka uuzwe siku hiyo hiyo ili fedha zirudi. Leo tunawaletea historia ya mtu aliyejenga jina lake kwa kufanya kinyume. Naye ni Zino Davidoff, muuza biri wa mjini Geneva, Uswisi, aliyefariki dunia Januari 1994 akiwa na umri wa miaka 87.

Biri tunazozungumzia ni zile sigara nene za majani matupu ya tumbaku yaliyoviringwa kwa mkono. Zinazosifika zaidi duniani ni za Havana, Cuba.

Davidoff alizaliwa Machi 11, 1906 katika eneo ambalo leo ni Ukraine, wakati huo likiwa chini ya Urusi. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wafanyabiashara ya tumbaku. Kutokana na mateso waliyokuwa wakifanyiwa Wayahudi, familia hiyo ilihama na kufika Geneva mwaka 1911, ambako baba yake alifungua duka la tumbaku.

Katikati ya miaka ya 1920, baada ya shule, kijana huyo alisafiri hadi Argentina, Brazil na Cuba. Huko Cuba alifanya kazi shambani na kujifunza namna jani linavyovunwa, linavyokaushwa, linavyovundikwa na hatimaye kuviringwa. Aliporejea Geneva alishika duka la baba yake.

Hapo alikutana na tatizo ambalo wasafirishaji wa nchi zisizo na bahari wanalifahamu vizuri. Uswisi haina bandari ya baharini. Biri zilitoka kwenye joto na unyevu wa Cuba, zikavuka Atlantiki kwa meli, zikashushwa kwenye bandari za nchi nyingine za Ulaya, kisha zikamaliza safari nchi kavu hadi Geneva kwenye baridi na hewa kavu.

Jani la tumbaku hunywa na kutoa maji kufuatana na hewa iliyolizunguka. Biri ikikauka, ganda lake hupasuka na moshi huwa mkali. Ikilowa kupita kiasi, huvutika kwa shida na huungua upande mmoja. Mbaya zaidi, iliyokauka ikirudishiwa unyevu kwa haraka huvimba na kupasuka, na hapo mzigo umeshapotea.

Davidoff alitengeneza chini ya duka ghala lenye joto na unyevu uliodhibitiwa, moja ya maghala ya kwanza ya aina hiyo barani Ulaya. Wateja nao walihimizwa kuwa na sanduku lao la nyumbani, linaloitwa humido, ambalo kwa kawaida huwekwa mbao za mwerezi ndani na chombo cha kutoa unyevu.

Je, biri mpya ipumzike muda gani? Wajuzi wengi hukubaliana kwamba iliyotoka safarini ikae kwenye humido wiki mbili hadi nne, unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 65 na 70, na joto kati ya nyuzi 18 na 21. Iliyokauka sana huhitaji muda mrefu zaidi, na unyevu huongezwa kidogo kidogo. Iliyoviringwa karibuni huweza kuwa bado na harufu kali ya amonia, na hiyo huachwa miezi kadhaa, pengine mwaka. Joto likizidi sana, mayai ya fukusi wa tumbaku huanguliwa na wadudu kutoboa sanduku zima.

Kusubiri huku kuna gharama, kwani mtaji hulala ghalani bila kuzaa. Lakini mteja wa Davidoff alijua kwamba biri aliyonunua leo itakuwa sawa na ya mwezi uliopita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Uswisi ikiwa haimo vitani, duka lake lilikuwa miongoni mwa machache Ulaya yaliyoendelea kuwa na biri za Havana. Mwishoni mwa miaka ya 1960, shirika la serikali ya Cuba, Cubatabaco, lilianza kutengeneza biri zenye jina la Davidoff mwenyewe.

Mwaka 1970 aliuza biashara yake kwa kampuni ya Oettinger ya mjini Basel, lakini aliendelea kuzunguka dunia akiitangaza. Baadaye ulizuka mgogoro na Cubatabaco kuhusu ubora na haki za jina. Mwaka 1989 Davidoff alichoma moto hadharani zaidi ya biri 100,000 alizoona hazifai kuuzwa kwa jina lake. Ushirikiano na Cuba ukavunjika, na uzalishaji ukahamia Jamhuri ya Dominika.

Uamuzi huo ulikuwa wa hatari, kwa sababu wanunuzi wengi waliamini kwamba biri bora ni ya Cuba tu. Hata hivyo, jina la Davidoff halikufa, na biri zake zinaendelea kuuzwa. Kwa mwenye kupeleka bidhaa inayoathiriwa na hewa, iwe tumbaku au kahawa, historia yake inakumbusha kwamba siku za mzigo kukaa ghalani nazo zihesabiwe kwenye bei tangu mwanzo.