Mbegha wa Nguu: Kigego Aliyetawazwa

Ndugu msomaji, ukisimama Mnyuzi, katika Wilaya ya Korogwe, upande mmoja waiona milima ya Usambara, na upande wa pili nyika za Uzigua zielekeazo Handeni. Miongoni mwa watangulizi wa nchi hizo hutajwa kwa fahari Mbegha, aliyeishi yapata nusu ya kwanza ya karne ya 18. Habari zake ziliandikwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa tena mwaka 1962.

Mbegha alizaliwa Nguu. Meno yake ya juu yalitangulia kuota. Na kwa desturi ya siku zile, mtoto wa namna hiyo alikuwa kigego, mwenye mkosi, wa kuuawa. Wazazi wake hawakumwua. Walipofariki, jamaa zake walimnyima urithi na kumtwika lawama ya misiba yao. Akaondoka na mbwa wake, akiwinda nguruwe mwitu walioharibu mashamba. Kilindi alipokewa vema. Lakini mwana wa mkubwa wa huko alipokufa mawindoni, Mbegha alikimbia tena, akaelekea Usambara.

Huko aliwagawia wenyeji nyama, akasuluhisha magomvi yao, akaua simba. Watu wa Vuga wakamtawaza na kumwita Simba Mwene. Mwanawe Buge akamrithi, na ukoo wao ukajulikana kwa jina la Wakilindi.

Tafakari basi, ewe msomaji: lau desturi ingalitimizwa, wazee wetu wangalimzika mtoto huyu na kujiona wametenda haki. Ni wangapi waliozikwa, ambao hatujui wangalikuwa nani? Waarabu wa zama za ujinga nao walizika binti zao wangali hai, mpaka Mtume Mtukufu s.a.w. alipoukomesha uovu huo na kufundisha kwamba kila mtoto huzaliwa bila dhambi.

Mbegha hakuwa Mwislamu, na matambiko ya zama zake hatuyafuati. Lakini ukarimu kwa mgeni na hukumu ya haki ni mambo ambayo Uislamu unayaamrisha. Kwa hiyo anayesilimu halazimiki kuionea haya nchi yake. Aipende, ayashike mema ya wazee, na ayaache yale yaliyotaka kumwua Mbegha. Na kama ungaliko kijijini mwako mtoto anayeitwa wa mkosi, mpokee; Muumba wake hakumwandikia kosa.