Freddie Mercury: Chali wa Unguja Aliyekupigisha Makofi Ukiwa Kidato cha Pili

Wacha nikuulize. Ulisoma shule gani ya upili? Haijalishi, kwa sababu kuna kitu najua ulifanya. Siku ya michezo, timu yenu inawachapa majirani, mbogi nzima imejaa kando ya uwanja, na mnakanyaga chini mara mbili halafu mnapiga kofi moja. Mara mbili, kofi. Mara mbili, kofi. Hakukuwa na gitaa wala spika, na pengine hata hukujua hiyo ngoma inaitwa aje.

Inaitwa We Will Rock You. Ni ya bendi ya Uingereza, Queen, na ilitoka mwaka wa 1977. Aliyeiandika ni mpiga gitaa wao, Brian May. Lakini sauti iliyoivusha bahari hadi kwa uwanja wenu wa vumbi ni ya jamaa aliyezaliwa hapa hapa Pwani ya Afrika Mashariki, kisiwani Unguja, si mbali na Mombasa.

Ukiwa na miaka 15 ulipiga kelele tu ukasonga. Sasa ni mtu mzima, unalipa kodi ya keja, una watu wako umewazika. Rudi kwa ngoma za huyu msee ukijua maisha yake, utaskia vitu ambavyo zamani vilikupita.

Mtoto wa keshia

Jina alilopewa na wazazi ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946, wakati Zanzibar ikiwa na Sultani lakini Mwingereza ndiye mwenye usemi. Mzae wake, Bomi, alikuwa keshia katika serikali ya kikoloni. Mathe aliitwa Jer. Walikuwa Waparsi, watu wenye asili ya Uajemi waliokaa Gujarat, India, kwa karne nyingi, na dini yao ni ile ya kale ya Zoroaster.

Akiwa na miaka kama minane, Farrokh alipelekwa shule ya bweni India, mji wa milimani unaoitwa Panchgani. Kama ulilia siku ya kwanza ulipoachwa bording na sanduku lako la bati, fikiria huyu mtoto aliyevukishwa Bahari ya Hindi nzima. Kurudi nyumbani haikuwa kitu ya kila likizo.

Huko ndiko alikojifunza piano, na huko ndiko wenzake walianza kumuita Freddie. Kufika umri wa miaka 12 alikuwa kwa bendi ya shule, The Hectics, wakipiga ngoma za akina Elvis Presley, Little Richard na Cliff Richard. Waliosoma naye walisimulia kwamba angeskia wimbo kwa redio mara moja, aende kwa piano, aupige.

Kwa hivyo elewa hivi: hata yeye alikuwa na ngoma zake za utineja. Alizibeba hadi mwisho. Crazy Little Thing Called Love, ile ya 1979, ni Freddie wa utu uzima akirudi kwa Elvis wa utoto wake. Aliitunga akiwa ndani ya maji ya kuoga hotelini Munich, kwa muda mfupi sana, na mwaka uliofuata ikashika namba moja Marekani.

Januari 1964

Mwaka wa 1963 alirudi Unguja. Hakukaa sana. Tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yalizuka, Sultani akaondolewa, na maelfu ya watu wakauawa, wengi wao wenye asili ya Kiarabu na Kihindi. Wakina Bulsara walikimbia na vitu vichache wakaenda Uingereza, wakakaa Feltham, mtaa wa kawaida karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow.

Freddie alikuwa na miaka 17. Huo ni umri wa kidato cha nne. Wewe ulikuwa unafikiria KCSE, yeye alikuwa ameshapoteza kisiwa.

Majuu haikuwa raha. Kazi alizopata likizo ni zile za wageni: kubeba mizigo pale Heathrow, kusukuma makasha bohari. Akasoma sanaa na uchoraji wa matangazo chuo cha Ealing, akamaliza 1969. Ukutani kwake alikuwa na Jimi Hendrix, ambaye alimchora tena na tena.

Kisha akafungua kibanda pamoja na jamaa mpiga dramu, Roger Taylor, katika soko la Kensington. Walikuwa wanauza nini? Nguo kuukuu. Mitumba, buda. Yule utamuona baadaye na taji kichwani na joho la kifalme alianza kama hasla wa Gikomba, tofauti ni kwamba Gikomba yake ilikuwa London.

Roger na Brian May walikuwa na bendi inayoitwa Smile. Mwimbaji wao alipotoka mwaka wa 1970, Freddie akaingia. Akabadilisha jina la bendi likawa Queen. Akabadilisha jina lake likawa Mercury. Akachora nembo mwenyewe, akitumia alama za nyota za wanabendi: simba wawili, kaa mmoja, na vizimwi wawili wa kike kwa ajili yake. Mwaka uliofuata mpiga besi John Deacon akajiunga, na hao wanne hawakuachana tena hadi kifo.

Jambo moja dogo: alikuwa na meno manne ya ziada nyuma, yaliyosukuma ya mbele nje. Alipopata doo angeyarekebisha. Alikataa kwa kuogopa sauti itabadilika. Lakini akicheka nje ya jukwaa, mara nyingi mkono ulienda mdomoni. Jukwaani mfalme, chini ya jukwaa mtoto anayeficha meno.

Dakika sita zilizoambiwa haziwezekani

Mwaka wa 1975 alileta Bohemian Rhapsody. Inakaribia dakika sita. Inaanza polepole na piano, inaingia opera, inalipuka roki, halafu inazima kama mshumaa. Wenye biashara walisema redio haitacheza kitu ndefu hivyo. Mtangazaji mmoja wa London, Kenny Everett, akapewa nakala, akaicheza mara 14 wikendi moja. Ikakaa namba moja Uingereza wiki tisa.

Ile sehemu ya opera inaskika kama kwaya ya kanisa kubwa. Ni watu watatu tu, Freddie, Brian na Roger, wakirekodi sauti juu ya sauti siku baada ya siku hadi utepe wenyewe ukaanza kuchakaa.

Ulipokuwa tineja ulipenda ile sehemu ya kutingisha kichwa. Sasa sikiliza mwanzo: kijana amefanya kosa lisilorekebika na anamuaga mamake. Freddie hakuwahi kueleza maana yake. Na katikati ya zile kelele za opera kuna neno moja la Kiarabu, lile ambalo kila mtoto wa Pwani hulitamka kabla ya kula. Hujawahi kujiuliza lilifikaje kwa roki ya Waingereza? Mtoto aliyekulia karibu na misikiti ya Mji Mkongwe halihitaji kamusi.

Albamu hiyo hiyo ina Love of My Life. Alimwandikia Mary Austin, dem aliyeishi naye kama miaka sita kabla ya kukubali, kwake na kwa Mary, kwamba anapenda wanaume. Mapenzi ya nyumba moja yaliisha, lakini Mary hakuwahi kuwa wa zamani. Alibaki mtu wake wa karibu kuliko wote, na ndiye aliyeachiwa nyumba. Mwaka wa 1981 huko São Paulo, watu zaidi ya laki moja waliimba hiyo ngoma neno kwa neno, kwa Kiingereza ambacho wengi wao hawakukiongea.

Doa, na siku ya Wembley

Usidhani nakuletea malaika. Oktoba 1984 Queen walienda kupiga shoo Sun City, Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii waigomee nchi hiyo. Chama cha wanamuziki Uingereza kiliwapiga faini. Bendi ilijitetea kwamba inaimbia mashabiki, si serikali. Kwa msee aliyezaliwa Afrika, utetezi huo ni mwembamba. Ngoma kuwa tamu hakufuti doa.

Miezi tisa baadaye, tarehe 13 Julai 1985, walipanda jukwaa la Live Aid pale Wembley, tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia, majirani zetu wa kaskazini. Walipewa kama dakika 20. Wasanii wengine walikuja kuimba. Freddie, na fulana yake nyeupe, alikuja kumiliki uwanja. Radio Ga Ga ilipoanza, watu 72,000 waliinua mikono na kupiga makofi kwa pamoja kama mtu mmoja.

Halafu akanyamazisha vyombo, akaanza kuwatupia sauti bila maneno. Anaita, wanaitikia. Anapandisha, wanapandisha. Hiyo si kitu geni kwako. Umeiona harusini, umeiona kanisani, umeiona matangani: mmoja anatoa, umati unapokea. Itafute uitazame tena, si kwa sababu ya mashati ya kizamani, bali uone vile mtu mmoja anashika umati bila chombo chochote.

Kimya

Tarehe 9 Agosti 1986, Knebworth, mbele ya watu zaidi ya laki moja, alifanya shoo yake ya mwisho na Queen. Mashabiki hawakujua ni ya mwisho. Mwaka uliofuata vipimo vilionyesha ana virusi vya Ukimwi.

Hakusema. Aliwaambia wachache. Wenzake wa bendi walipojua, walidanganya waandishi wa habari kwa miaka ili kumlinda. Mapaparazi walipiga kambi nje ya nyumba yake wakipiga picha mashavu yaliyobonyea. Yeye alifanya kitu kimoja: kazi. Alirekodi na mwimbaji wa opera wa Uhispania, Montserrat Caballé. Kisha akajificha Montreux, Uswisi, kando ya ziwa, akirekodi kila siku ambayo mwili ulikubali kusimama.

The Show Must Go On ni ya kipindi hicho. Brian May ndiye aliyeandika sehemu kubwa, na alihofia zile noti za juu zitamshinda mgonjwa. Freddie aliziimba. Weka hiyo ngoma usiku ukiwa peke yako uniambie kama unaskia mgonjwa.

Lakini kama utarudia moja tu, chagua These Are the Days of Our Lives. Roger ndiye mwenye wimbo, na ni wimbo wa mtu mzima anayekumbuka ujana wake. Video ilipigwa Mei 1991, bila rangi, ili watu wasione vizuri jinsi alivyoisha. Amevaa kizibao chenye michoro ya paka zake. Hasogei sana. Mwishoni anaangalia kamera na kuaga kwa tabasamu. Ulipoiona ukiwa tineja ulidhani ni mzee fulani anaimba. Alikuwa na miaka 44.

Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa taarifa kwamba ana Ukimwi. Jioni iliyofuata akafa, akiwa na miaka 45. Makuhani wa Zoroaster ndio waliosoma sala mazishini. Freddie Mercury wa dunia nzima aliondoka kama Farrokh, mtoto wa Bomi na Jer.

Sasa hapa ndipo hadithi inatuingia wenyewe. Waulize wazazi wako kuhusu Kenya ya miaka hiyo. Watakuambia kuhusu mjomba aliyekonda, shangazi aliyefungiwa chumba cha nyuma, tangazo la kifo lililosema tu aliugua kwa muda mfupi. Serikali yetu ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwaka wa 1999, wengi wakiwa wamezikwa kimya kimya. Watu humlaumu Freddie kwamba angesema mapema, angeokoa wengine. Labda. Lakini angalia familia ngapi, zisizo na kamera nje ya lango, nazo zilishindwa kusema. Dawa za mchanganyiko zilizogeuza ugonjwa huu kuwa wa kuishi nao zilianza kutumika 1996. Miaka mitano tu ilimkosesha.

Wenzake walijaza Wembley tena Aprili 1992 kumuaga, wakaanzisha mfuko kwa jina lake, Mercury Phoenix Trust, ambao umesaidia miradi ya kupambana na Ukimwi nchi nyingi.

Na Unguja? Kisiwa na mtoto wake hawajawahi kuelewana kabisa. Yeye mwenyewe alikiongelea kidogo sana. Mwaka wa 2006 sherehe ya miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa huko baada ya kundi la kidini kupinga. Mwaka wa 2019 jumba dogo la makumbusho yake likafunguliwa Shangani, Mji Mkongwe, na watalii wanapiga picha mlangoni.

Ukishuka huko siku moja, pita. Lakini huhitaji nauli kumpata. Wiki hii shule fulani mtaani kwenu itashinda mechi, na watoto ambao hawajui Queen ni nini watakanyaga chini mara mbili na kupiga kofi. Waambie aliyeimba hiyo kitu alikuwa wa hapa.